Kimya Si Idhini: Tahakiki ya Programu ya DSpace Mintarafu ya Kumbukumbu za Masasi na Newala

Programu ya DSpace ilitolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard. Tangu hapo imeenea katika maktaba za vyuo vikuu, hata hapa Afrika Mashariki, kwa kuhifadhi tasnifu na makala. Makala hii haikusudii kuipunguzia sifa iliyostahili. Yakusudia kuuliza kama utaratibu wake unafaa kutunza kumbukumbu ambazo wenyewe hawakuziandika ili zisomwe na kila mtu.

Mfano tunao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizuru Masasi na kupanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akipiga picha, akinasa nyimbo kwa fonografu na kuandika habari za unyago. Naye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi mwaka 1926, alijulikana kwa juhudi zake za kulipa jando sura ya Kikristo. Basi mambo ya jando na unyago yamo katika makaratasi, picha na sauti za wageni na za kanisa pia. Lakini kwa wenyeji, afundishwayo mwali hayasemwi mbele ya asiyeingia, na ya unyago hayamhusu mwanamume.

Sasa tuutazame utaratibu wenyewe. Aletaye waraka huuweka pamoja na maelezo yake, kisha waweza kupita hatua tatu. Mkaguzi wa kwanza huukubali au huurudisha pamoja na sababu. Wa pili aweza pia kusahihisha maelezo. Wa tatu husahihisha tu, hana uwezo wa kukataa. Kila hatua hukabidhiwa kikundi cha watumiaji. Ni mpango mzuri, wenye wajibu ulio wazi.

Hata hivyo una kasoro tatu. Kwanza, hatua isiyopewa kikundi hurukwa; zikikosa vikundi zote, waraka huingia hazinani moja kwa moja. Kimya huhesabiwa kuwa idhini. Pili, katika utaratibu wa kawaida, mtu wa kwanza wa kikundi kuichukua kazi huamua kwa niaba ya wenzake, wala hao hawaioni tena. Barazani mambo hayaendi hivyo. Neno zito hungoja wazee wote. Tatu, msimamizi mkuu hufungua kila kitu, hata kilichofungiwa kikundi kimoja. Kijana fundi wa mitambo, aliye mbali mjini, aweza kuona yale ambayo kungwi asingemwambia mwanawe wa kiume.

Wapo watakaosema kwamba kitabu cha Weule kilichapishwa mwaka 1908, basi siri imekwisha kutoka. Hoja hii haitoshi. Jambo lililotangazwa bila ruhusa halikupata ruhusa kwa kutangazwa, wala kosa la mgeni mmoja halitupi sisi haki ya kulirudia. Wengine watasema kwamba kufunga ni kuficha historia. La; maelezo ya waraka yaweza kusomwa na wote, na waraka wenyewe ukasomwa na kikundi chake. DSpace inaruhusu hilo.

Tena yawezekana kuanza na wenyeji. Huko Australia watu wa Warumungu walishiriki kuunda hifadhi iitwayo Mukurtu, iliyoanza kutumika mwaka 2007, ambamo ruhusa ya kuona hufuata ukoo, jinsia na desturi. Huko desturi ndiyo iliyoiongoza programu.

Kwa hiyo, yeyote atakayeweka kumbukumbu za Masasi na Newala katika hifadhi ya pamoja yampasa kutimiza haya kwanza. Hatua ya ukaguzi isiachwe tupu. Nyaraka za unyago zikaguliwe na makungwi, na za jando na wazee wake, nao wakubaliane barazani kabla mmoja wao hajabonyeza kitufe. Kila mtumiaji awe na akaunti yake, pasipo kuazimana neno la siri. Na mtu akihamishwa, akaunti yake ifungwe. Wasimamizi wakuu wawe wachache na wajulikane kwa majina huko uwandani.

Programu hutii orodha ya watu tuliyoiandika. Jina la kungwi lisipokuwemo, si mashine iliyomsahau.