Sifa ya Waya Uliolehemiwa kwa Mkono

Katika Mji wa Kale wa Mombasa yuko fundi mzee ambaye, kila aletewapo hedifoni ya kompyuta yenye maikrofoni yake ndogo ili aiunge na redio ya ridhaa, hutandaza kwanza kitambaa cheupe mezani, wala hagusi waya mpaka amekwisha kuusoma mchoro wa redio hiyo toka mwanzo hata mwisho.

Hana budi kusoma, kwa kuwa vitu hivi viwili havikuundwa kukutana. Maikrofoni ya elektreti, iliyobuniwa na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1962, haitoi sauti mpaka ilishwe umeme kidogo. Hali redio nyingi za Kenwood na Yaesu zilikusudiwa maikrofoni ya sumaku na koili, isiyodai kulishwa kitu. Mwenye pupa huunga waya kwa waya, akabonyeza swichi, akasema asisikiwe na yeyote, kisha akaitupa hedifoni nzima jaani.

Fundi wetu huuchota umeme wa volti 8 katika pini ya 5 ya tundu la Kenwood, akaupunguza kwa rezista ya omu 10,000, akaweka na kapasita ya mikrofaradi 1, mguu wake wa chanya ukielekea maikrofoni, ili sauti ipite na umeme ule usiingie redioni. Lakini linalonivutia zaidi ni mkono wake wakati wa kulehemu. Huipasha moto pini kwanza, ndipo akaisogeza risasi, ikayeyuka na kuuzunguka waya. Kisha hutulia kimya, asipulize wala asitikise, kwa maana kiungo kilichotikiswa kabla ya kuganda huwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na aghalabu huachia baada ya miezi michache, usiku, mtu akiwa katikati ya mazungumzo na mwenzake wa Maskati. Akikiona kiungo cha namna hiyo, hukifumua, ijapokuwa mwenye redio amekwisha kuridhika nacho. Mwisho huupitisha waya katika pete ya feraiti, mawimbi ya antena yasije yakaurudia na kuikwaruza sauti.

Ustadi huu aliupokea kwa mwalimu aliyekuwa na leseni tangu zama ambazo alama za redio za Kenya zilianza kwa VQ4, kabla ya 5Z4, na za Tanganyika kwa VQ3, kabla ya 5H. Zama zile mtambo ulinunuliwa pamoja na mchoro wake wa ndani, na mnunuzi alihesabiwa kuwa mtu mwenye akili ya kuufahamu. Tumeiacha heshima hiyo ipotee bila ya kuidai. Vijana wapitao mlangoni pake huuliza bei ya hedifoni mpya, hawaulizi ile ya kale imepatwa na nini. Na hizo mpya zimegandishwa kwa gundi, hata atakaye kuzifungua azitengeneze hulazimika kuzivunja.