Mawe Yasiyohesabiwa: Udongo wa Changarawe wa Misitu ya Kando ya Vijito Unavyopimwa

Karatasi ya maabara ikisema udongo wa msitu fulani una kaboni asilimia 3, msomaji wa ripoti huipokea namba hiyo kana kwamba ni ya msitu mzima. Sivyo. Ni namba ya udongo uliopita kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2. Kilichobaki juu ya chekeche, yaani changarawe, kokoto na mawe, kiliwekwa kando kabla kipimo hakijaanza. Kwa udongo mwekundu wenye kina wa mgongo wa mlima, jambo hilo halidhuru, kwa sababu mawe ni machache. Kwa msitu unaoota juu ya changarawe kando ya kijito, namba ileile inaweza kumpotosha mtu kabisa, asipojua la kuifanyia.

Tuanze na mahali penyewe. Mto ukitulia kwa muda mrefu kwenye kiwango kimoja, hutandaza mzigo wake bondeni: mawe na kokoto kwenye njia ya maji yenye kasi, mchanga na tope laini pale mafuriko yanapopunguza mwendo. Baadaye mambo hubadilika. Huenda mvua za enzi hiyo zimebadilika, ardhi imeinuka, au mzigo unaoletwa kutoka juu umepungua, na maji huanza kula chini. Sakafu ya zamani ya bonde hubaki juu, tambarare, imekatwa ukingo upande wa mto. Ikitokea tena na tena, bonde hupata ngazi kadhaa, ya juu ikiwa kongwe na ya chini changa. Maji ya mafuriko hayaifikii tena ngazi ya juu, au huifikia kwa nadra, na msitu hupata nafasi ya kukaa na kutengeneza udongo wake.

Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye ngazi kama hiyo, ukwangue ukuta wake kwa kisu, utaisoma historia hiyo. Juu kuna majani yanayooza. Chini yake kuna tabaka jembamba jeusi lililojaa vizizi, na ukilibonyeza linavunjika kirahisi kuwa chembechembe. Linafuata tabaka la kahawia, tifutifu, kokoto zikiwa zimetawanyika ndani yake. Kisha, mara nyingi ghafla, mawe yanaanza kugusana, na baina yake kuna mchanga mkavu usio na mshiko. Yaangalie mawe hayo kwa makini. Yamesuguliwa pembe zikaisha, na yale bapa yamelaliana kama vigae vya paa, yote yakiinamia upande maji yalikotoka. Mporomoko wa mlima hauwezi kuyapanga hivyo. Mawe yake huwa na ncha kali na hulala ovyo. Alama hiyo peke yake inamwambia mpimaji kwamba amesimama juu ya kazi ya mto, hata kama mto wenyewe leo uko mita nyingi chini yake.

Wapimaji wa Marekani waliamua zamani kwamba mawe lazima yaonekane katika jina lenyewe la udongo. Mawe yakifika asilimia 15 ya ujazo, neno la changarawe linatangulia jina la udongo. Yakifika 35 inakuwa changarawe nyingi, na kuanzia 60 ni changarawe kupindukia. Mfano mzuri ni udongo uitwao Chenango, jina la mto na kaunti katika jimbo la New York. Ulitokana na kokoto na mchanga uliochambuliwa na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu, na mwingi uko kwenye ngazi za mabonde. Juu ni tifutifu wenye changarawe. Chini ni mchanga wenye changarawe nyingi zaidi. Maji hupita humo upesi, kiasi kwamba shimo la maji taka likichimbwa hapo, uchafu unaweza kufika kwenye maji ya ardhini kabla haujachujwa vya kutosha. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaotumika katika nchi nyingi kueleza mashimo ya udongo, nao una madaraja yake: mawe ni mengi yakiwa kati ya asilimia 15 na 40, na ni tele kuanzia 40 hadi 80. Mipaka inatofautiana, lakini pande zote mbili zinahesabu kwa ujazo, na zote mbili zinakata kwenye milimita 2.

Sasa tuje kwenye upimaji. Kifaa kinachopendwa ni pete ya chuma, mara nyingi ya sentimita za ujazo 100, inayogongwa kwa nyundo ukutani mwa shimo. Udongo unaobaki ndani hukaushwa na kupimwa uzito. Katika tifutifu safi, kazi hiyo ni ya dakika chache. Katika changarawe, pete inagonga jiwe na kugoma. Mpimaji anaisogeza kidogo, inagoma tena, anaisogeza mpaka inaingia. Anaporidhika, tayari amechagua mahali pasipo na mawe. Hakudanganya mtu, ila kifaa chake kimemchagulia sampuli isiyofanana na ardhi aliyotumwa kuipima. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu halionekani popote kwenye fomu.

Njia inayofaa ni ya shimo na maji. Unasawazisha sehemu ndogo, unachimba shimo la kama sentimita 20 kila upande, na kila kinachotoka, hadi punje ya mwisho, kinaingia kwenye ndoo. Unatandika nailoni nyembamba ndani ya shimo ilale vizuri kwenye kuta, kisha unamimina maji kwa chombo chenye alama mpaka yasawazike na mdomo wa shimo. Maji uliyomimina ndiyo ujazo wa shimo. Kilichomo ndooni kinapitishwa kwenye chekeche. Mawe yanaoshwa, kwa sababu udongo unaoyang'ang'ania ndio hasa tunaoutafuta, kisha yanakaushwa na kupimwa uzito. Ujazo wake unajulikana kwa kuyatumbukiza kwenye maji na kuona yamepanda kiasi gani. Kazi hii inachosha, na shimo moja halitoshi, kwa sababu mto haukumwaga mawe kwa usawa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme shimo limemeza lita 8 za maji. Ndoo, baada ya kila kitu kukauka, ina kilo 13.76. Kati ya hizo mawe ni kilo 8.48 na ujazo wake lita 3.2, na udongo laini, yaani uliopita kwenye chekeche, ni kilo 5.28. Mawe ni asilimia 40 ya ujazo, lakini karibu asilimia 62 ya uzito. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Udongo laini umekaa katika lita 4.8 zilizobaki, kwa hiyo uzito wake ni kilo 1.1 kwa lita. Ukipima kila kitu kwa pamoja, mawe na udongo, unapata kilo 1.72 kwa lita.

Maabara imesema udongo laini una kaboni asilimia 3. Tunataka hazina ya kaboni katika sentimita 30 za juu za hekta moja. Anayetumia 1.72 na kuyasahau mawe atapata tani 155. Anayetumia 1.72 na kisha kuondoa asilimia 40 ya mawe atapata tani 93, na ataamini amekuwa mwangalifu. Anayetumia 1.1 bila kuyaondoa mawe atapata tani 99. Anayetumia 1.1 na kuondoa asilimia 40 atapata tani 59, na huyo ndiye aliyepatia. Na anayetumia 1.1 lakini akachukua asilimia 62 ya uzito na kuifanya ya ujazo ataangukia tani 38, chini ya ukweli. Ni ndoo moja, namba moja ya maabara na majibu matano.

Hazina hizo zilizokuzwa hazikai kwenye daftari la mazoezi tu. Mwaka 2017 Christopher Poeplau na wenzake nchini Ujerumani walitumia takwimu za upimaji wa kitaifa wa udongo wa kilimo kulinganisha njia hizi za hesabu. Walionyesha kwamba kwenye udongo wenye mawe zaidi ya asilimia 30 ya ujazo, hazina ya kaboni inaweza kukuzwa hata kupita maradufu, na kwamba njia zenye makosa zilikuwa zikitumika sana katika tafiti zilizochapishwa. Kanuni sahihi haikuwa siri: miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ilikuwa imeshaagiza sehemu ya mawe iondolewe. Kinachoachwa ni ile kazi ya kuyapima mawe yenyewe.

Maji yanafuata mkondo uleule. Ikiwa udongo laini unaweza kuupa mmea maji ya milimita 150 katika kina cha mita moja, mawe ya asilimia 40 yanaiteremsha akiba hiyo hadi milimita 90. Msitu unaotumia milimita 5 kwa siku utaimaliza kwa siku 18 badala ya 30. Ndiyo maana miche iliyopandwa kwenye ngazi ya changarawe hunyauka mapema kiangazi kikianza, huku mikuyu mikubwa hatua chache tu kutoka hapo ikibaki kijani. Mikuyu hiyo imeshapeleka mizizi chini kupita mawe hadi kwenye maji ya mto yanayopenya ardhini. Anayetazama miti mikubwa tu na kusema mahali hapa pana rutuba na maji ya kutosha kwa miche atapoteza miche yake. Haki ya mawe nayo isemwe: yanaingiza mvua ardhini haraka, yanauzuia udongo usishindiliwe kirahisi, na yakitanda juu yanapunguza mmomonyoko.

Jambo moja linahitaji busara ya mpimaji kuliko kanuni. Kwenye ngazi kongwe, mawe ya mwamba wa gneisi huoza mahali pake. Kwa macho ni kokoto, lakini ukilibana jiwe kwa vidole linamung'unyika, na ndani yake mna unyevu na hata vizizi. Ukilitwanga kwenye kinu cha maabara litageuka udongo laini ambao haukuwepo shambani. Ukilihesabu kama jiwe gumu utakuwa umefuta maji ambayo mti unayanywa. Sahihi ni kuyapima mawe hayo yaliyooza peke yake na kuyaandika peke yake. Wingi wa mawe yaliyooza pia ni dalili ya umri, pamoja na wekundu wa udongo na mfinyanzi unaoongezeka katika tabaka la kati. Ngazi changa iliyo karibu na maji haina mambo hayo.

Kwa Tanzania suala hili limekuwa la fedha. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Vijiji vyenye misitu vinasaini mikataba inayosimama juu ya namba. Miradi mingi huhesabu kaboni ya miti kwanza, lakini udongo ukiingizwa, mabonde yenye changarawe ndiyo yatakayoharibu hesabu, na hesabu ikija kukaguliwa upya ikaonekana imekuzwa, atakayedaiwa au kupunguziwa malipo ni mwenye msitu.

Kwa hiyo, kamati ya maliasili ya kijiji, afisa misitu, au yeyote anayeletewa ripoti ya udongo, aulize mambo matatu kabla ya kuweka saini: mawe ni asilimia ngapi ya ujazo, yalipimwa kwa shimo au yalikisiwa kwa macho, na uzito uliotumika kwenye hesabu ni wa udongo laini au wa mchanganyiko wote. Majibu hayo yasipokuwamo, ripoti irudishwe kwa aliyeiandika.