Kurudilia si Uvivu: Namna Wafundi Wetu Wanaanza Kazi

Kuko neno moja ambalo watu wenye kusoma wa Kolwezi wanapenda kulisema mbele ya tablo zenye kuuzishwa barabarani: "Huyu anarudilia paka kitu kimoja." Linasemwa sawa hukumu. Maana yake ni kwamba muchoraji wa kweli anapaswa kungojea wazo jipya, lile ambalo Wafaransa wanaliita inspirasio, na mwenye kurudilia ni muchuuzi tu. Katika maandiko haya tunataka kupinga hukumu hiyo. Tukitazama desturi za wafundi wa Katanga, namna wanavyoingia katika kazi, tunaona kwamba kurudilia njo mulango wenyewe. Shida iko kwa yule anayebaki mulangoni.

Tuanze na udongo wetu. Mutoshi, iliyoitwa Ruwe zamani za Wabelgiji, iko katika eneo ambalo watu walijua kuyeyusha shaba mbele Union Minière haijaanzishwa katika mwaka 1906. Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za mafundi hao katika andiko lake juu ya wakula shaba wa Katanga, lililotoka mwaka 1926. Kazi yao haikuanza siku yoyote. Ilingojea mavuno ya mutama yaishe na mvua ikatike. Ndipo mukubwa alitangaza kwamba wakati wa kwenda kula shaba umefika. Watu walihamia kando ya mugodi, wanaume wakachimba, wanawake na watoto wakaokota malakiti juu ya udongo. Makaa yalichomwa, tanuru ikajengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ikatengenezwa kwa ngozi. Fundi mukubwa alitumia dawa zake, na moto ukawashwa.

Musomaji wa leo anaona dawa peke yake, na anacheka ao anaogopa. Lakini tuangalie mupango wote. Dawa haikushika nafasi ya makaa. Ilikaa kati ya kazi ndefu ya mikono na kazi ngumu ya moto, na iliambia kila mutu kwamba sasa hakuna tena muchezo. Na mambo hayo yote yalirudiliwa kila mwaka, kwa utaratibu uleule. Hakuna aliyeuliza kama fundi alikuwa na wazo jipya mwaka ule. Waliuliza kama tanuru imejengwa vizuri.

Sasa tupite kwa wachoraji. Katika mwaka 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake Elisabethville, leo Lubumbashi, ile iliyojulikana kwa jina la Hangar. Kanuni yake ilikuwa kinyume cha soko letu: hakutaka wanafunzi wanakili mifano ya Ulaya, aliwaambia waangalie inchi yao, miti, samaki, nyama wa pori, na wachore kwa namna yao. Kanuni hiyo ilizaa matunda, hatuwezi kukana. Kutoka pale walitokea Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, majina ambayo yangali yanaheshimiwa hata inje ya Kongo.

Lakini mutazame tablo zao kwa karibu. Bela alichora kwa vidole: alama ya kidole, halafu ingine, halafu ingine, mpaka karatasi yote imejaa. Mwenze alijaza watu wake na udongo wao kwa mistari mifupi yenye kupangana sawa kitambaa kilichofumwa. Pilipili naye alizungusha ndege na samaki wake katika majani na nukta zisizohesabika. Ni nini hii kama si kurudilia? Mwalimu alikataza kunakili, na alikuwa na haki kwa sehemu. Hata hivi, mikono ya wanafunzi ilitafuta njia yake ya kupata joto, na ikaipata katika pigo moja lenye kurudi. Wengi wanasifu uhuru wa Hangar na wanasahau jambo hilo. Uhuru ule ulisimama juu ya mazoea ya mukono.

Kisha uhuru wa inchi, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wengine walitokea katika miji ya migodi, bila mwalimu Muzungu na bila karatasi ya bure. Hao ndio tunaowadharau. Kazi yao ilianza na mufuko wa bunga. Mufuko ulifunguliwa, ukafuliwa, ukakazwa juu ya mbao, ukapakwa rangi nyeupe. Mara nyingi hawakutayarisha kitambaa kimoja tu, walitayarisha vingi. Na juu ya vitambaa hivyo zilitokea tablo ambazo kila nyumba ya Katanga ilizijua: Mamba Muntu, mwanamuke mwenye mukia wa samaki, Inakale, mutu aliyefungiwa njia kati ya simba, mamba na nyoka, Colonie belge, mufungwa anapigwa fimbo mbele ya Muzungu na familia yake inaangalia.

Walichagua hizo juu ya soko, ni kweli. Muchoraji anakula, na watoto wake wanakula. Lakini kuko sababu ingine. Watu wenyewe waliita kazi hiyo ukumbusho. Tablo iliwekwa ukutani ili wenye nyumba na wageni waanze masolo juu yake. Na ukumbusho haupatikani kwa kusema neno mara moja. Musali anarudilia sala, mwimbaji wa sifa za mababu anarudilia majina, na hakuna anayewaita wavivu.

Mufano mukubwa kupita yote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Yeye vilevile aliuzisha tablo za soko. Alichora Lumumba mara nyingi, na Colonie belge mara nyingi. Ndipo, katika miaka ya 1973 na 1974, alipokutana na profesa Johannes Fabian Lubumbashi, alimuletea tablo karibu 100, historia nzima ya Zaire tangu zamani za mababu, na alieleza kila moja kwa Kiswahili. Fabian aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Jiulizeni, je, kazi kubwa namna hiyo katika muda mufupi namna hiyo ingewezekana kwa mutu aliyekuwa akingojea wazo likuje? Mukono wake ulikwisha kujua kofia ya askari, fimbo, moshi wa kiwanda, uso wa Lumumba. Kila tablo ya soko ilikuwa mazoezi. Siku swali kubwa lilipofika, tanuru ilikuwa tayari na moto.

Wachezaji wa teatre wanaonyesha jambo lilelile kwa upande mwingine. Katika mwaka 1986, Groupe Mufwankolo ya Lubumbashi ilitengeneza muchezo juu ya mezali yenye kusema kwamba mamlaka inaliwa nzima. Hawakuanza na karatasi iliyoandikwa. Walikaa, wakaongea juu ya maana ya mezali, wakabishana, wakajaribu, wakarudilia, mpaka maneno yakapata watu wa kuyasema. Mazungumuzo yalikuwa makaa yao.

Hata hivi hatutaki kusifu kila kitu. Tshibumba alikuwa mumoja, na wengi walirudilia Mamba Muntu mpaka macho ya mwanamuke yule yakafa. Kwa hiyo kipimo chetu kisiwe "amechora hii mara ngapi?" Kiwe hivi: tablo ya makumi tatu inajua kitu ambacho ya kwanza haikujua? Kama mustari umekuwa na hakika, kama mutu wa pembeni ameanza kuwa na uso, kama anga imebadilika juu ya mambo yaliyotokea muji, basi fundi yuko anatembea. Kama kila kitu kimebaki sawasawa na rangi tu imepunguzwa ili pesa itoshe, hapo tuna haki ya kusema.

Jambo hili si dogo kwetu. Kijana wa Mutoshi akisikia walimu na wenye kusoma wanacheka kazi ya kurudilia, ataacha kukaza kitambaa asubuhi, ataketi kungojea inspirasio, na mwisho hatakuwa na tablo ya soko wala tablo ya historia. Tunaomba basi wale wenye kupima kazi za vijana, kwenye mashule na kwenye maonyesho, waanze kuuliza mambo mawili mbele ya kutoa hukumu: unatayarisha kazi yako namna gani, na utuonyeshe tablo zako kumi zenye kufanana. Katika hizo kumi njo tutaona kama mutu yuko njiani. Malakiti ni jiwe la kijani tu mpaka mutu achome makaa.