Tazama Kilichokaa Kulia kwa "Than"

Muhula uliopita, siku ya wazazi katika shule moja ya pande hizi za Nuu, Kitui, mwanafunzi aliitwa mbele asome insha iliyoshinda. Katikati yake mlikuwa na sentensi hii: "The climate of Kitui is hotter than Makueni, and our mangoes are sweeter than Machakos." Makofi yakapigwa. Mgeni wa heshima akasema ni miaka mingi hajasikia Kiingereza kilichonyooka namna ile. Sina neno na mtoto. Ana sikio zuri na atafika mbali. Neno langu ni kwa watu wazima waliokaa jukwaani, kwa sababu sentensi ile ina kosa moja lililorudiwa mara mbili, na hakuna aliyekunja uso.

Najua walichokitazama. Waliona "hotter" ina t mbili, wakaona "sweeter" haikutanguliwa na "more", wakaridhika. Hivyo ndivyo wengi wanavyopima ulinganisho: wanakagua kivumishi, kisha wanaweka tiki. Lakini "more taller" ni kosa la darasa la nne, na kulikwepa si ustadi. Jedwali la good, better, best limo katika First Aid in English ya Angus Maciver, kitabu ambacho shule zetu zimekitumia vizazi na vizazi, na mtoto yeyote mwenye kumbukumbu hulikariri kwa wiki moja. Ubora wa ulinganisho hauko kwenye kivumishi. Uko kulia kwa "than".

Chukua idadi ya watu. Katika sensa ya 2019 Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Mtahiniwa anaandika: "The population of Kitui is larger than Makueni." Upande wa kushoto ameweka idadi, upande wa kulia ameweka kaunti. Idadi haipimwi dhidi ya kaunti, hupimwa dhidi ya idadi. Sentensi inayokubalika ni "larger than that of Makueni", na maneno hayo mawili madogo, "that of", ndiyo yanayomtenga anayeijua kazi na anayeibahatisha.

Kinachoniudhi ni kwamba watoto wetu hawalikosi jambo hili wakiwa nyumbani. Hakuna mtoto wa Nuu atakayesema mnadani "mbuzi wa Kyalo ni wanono kuliko Mwende", maana atakuwa amemtukana Mwende hadharani. Atasema "kuliko wa Mwende". Ile "wa" inabeba mbuzi hadi upande wa pili, na mtoto huitia bila kufikiri. Akiingia kwenye Kiingereza anaiacha mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha inapokaa. Inakaa mahali patatu. Pa kwanza ni "that of" kwa kitu kimoja na "those of" kwa vingi. Pa pili ni alama ya ritifaa na s: "Kyalo's goats are fatter than Mwende's." Ukiifuta alama ile ndogo na herufi yake, mbuzi wanashindana na binadamu. Pa tatu ni kihusishi kinachorudiwa: "It is hotter in Kitui than in Makueni." Ile "in" ya pili ndiyo inayosimamisha sentensi.

Njia hizi tatu haziko sawa. Kihusishi kilichorudiwa ndicho cha kwanza kwa ubora, ritifaa ya pili, na "that of" huja mwisho, pale tu ambapo hizo mbili zimeshindikana. Anayejaza "that of" kila mstari anaandika kama karani wa mahakama. Nusu ya kwanza ya sentensi ya mtoto yule ilihitaji njia ya kihusishi, kwa sababu joto ni la mahali, na mahali hutajwa kwa "in".

Mwalimu aliyenitia jambo hili kichwani alianza kazi enzi za CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kabla ya 8-4-4 kuingia mwaka 1985. Siku moja alikuja darasani na gorogoro mbili za ndengu, moja ya shamba lake na nyingine ya jirani. Akaandika ubaoni: "My green grams are cleaner than my neighbour." Kisha akamwita mvulana mmoja asimame kando ya meza, awe jirani. Akatuuliza tuseme, kwa kutazama, ni nani safi zaidi kati ya gorogoro ile na mvulana yule. Darasa likacheka, na yeye hakucheka. Akaongeza ritifaa na s, akamwambia mvulana akae, akaisogeza gorogoro ya pili mahali alipokuwa amesimama. Tangu siku hiyo sijapata kuisoma "than" bila kumtafuta anayesimama kando ya meza.

Mwalimu mwingine, mama aliyesahihisha mitihani ya taifa kwa miaka mingi, alitumia rula. Aliifunika sentensi kuanzia kushoto hadi "than" na kuuliza: hiki kilichobaki ni nini? Mtu? Kaunti? Bei? Kisha aliifunua na kuuliza upande wa kushoto ni nini. Majibu mawili yakitofautiana, alama ilikwenda. Alimaliza daftari zima hivyo kabla chai haijapoa, na hakuwa na haja ya kusoma kivumishi hata kimoja.

Kuna neno la pili ambalo mjuzi hulitafuta: "other". "The Tana is longer than any river in Kenya." Tana nao ni mto wa Kenya, kwa hiyo sentensi hiyo inasema mto ni mrefu kuliko wenyewe. Lazima iwe "any other river". Sasa geuza: "Kilimanjaro is higher than any mountain in Kenya." Hapa "other" ingeharibu, kwa kuwa Kilimanjaro, wenye mita 5,895, uko Tanzania, hata kama anayepita Emali asubuhi isiyo na mawingu anauona waziwazi. Mtungaji hodari wa mtihani huweka sentensi hizi mbili jirani, na hapo ndipo anayekariri hutengana na anayefikiri.

Mengine ni mafupi. "Superior" na "prefer" hufuatwa na "to", kamwe si "than". "Different" hufuatwa na "from". Wanaotumia "than" wanajua wenyewe. Vitu viwili havina "best". Vina "the better of the two". Unga hupimwa kwa "less", na punje huhesabiwa kwa "fewer". "I trust Mwende more than Kyalo" haijakamilika mpaka useme Kyalo anaaminiwa au ndiye anayeamini. Na sentensi ya ulinganisho inayoanza kwa "Compared to" ni dhaifu kabla haijafika kwenye kitenzi.

Walaghai nao wapo. Kuna anayepita shuleni akiuza orodha za tamathali: maskini kama panya wa kanisani, mtulivu kama tango. Watoto huzibandika moja kila aya, na wasiojua huziita msamiati. Mtoto aliyeona mto Enziu ukiwa mchanga mtupu mwezi wa tisa ana ulinganisho wake, na ni bora kuliko panya yeyote. Mwingine, wa tuisheni, alikuwa akiwafundisha watahiniwa wa KCPE kwamba kati ya majibu manne la kweli ni lile refu. Watungaji walikuwa wameshamtangulia: jibu refu lilisema "the goats of Kyalo are fatter than that of Mwende". Mbuzi ni wengi, kwa hiyo ilipasa kuwa "those of". Mtego ulimkamata aliyejua nusu.

Nayakumbuka kwa heshima maswali yale hamsini ya kuchagua ya karatasi ya Kiingereza ya KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka huohuo waandaaji wa GMAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara ng'ambo, walileta toleo jipya lisilo na sehemu ya kusahihisha sentensi, sehemu ambamo kosa hili la "than" lilikuwa mtego wa kudumu. KCSE bado ina alama 15 za sarufi katika karatasi ya pili, lakini naona walimu wakizikimbilia riwaya na kuiachia sarufi wiki ya mwisho.

Wanaodhani jambo hili limepitwa na wakati hawajaiona IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaokwenda ng'ambo. Kwa wanaofanya ile ya kitaaluma, kazi ya kwanza ya uandishi mara nyingi ni jedwali au grafu: maneno yasiyopungua 150, dakika kama 20, na karibu kila sentensi ni ulinganisho. "The number of nurses in Kenya is higher than Uganda" huandikwa hapo. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, waliofaulu ni 10. Sisemi "than" ndiyo iliyowaangusha. Nasema watu wanaojua kazi yao walizuiwa na lugha, na lugha hiyo walianza kuisoma katika madarasa kama yetu.

Kwa hiyo anayepewa insha aihukumu aanzie kulia. Achukue rula, afunike, aulize kilichobaki ni nini. Kosa hili hutibika kwa kipindi kimoja cha darasa la sita. Likifika kidato cha nne limeshakuwa mazoea, na likivuka hadi mtihani wa kwenda ng'ambo, mtahiniwa hulilipia kwa kutoa ada ya mtihani mara ya pili.