Kuosha Vyombo Wakati wa Vita

Wengi tunadhani kutafakari kwa Kibuddha ni kukimbia shida. Soma kitabu cha The Miracle of Mindfulness uone. Mtawa Thich Nhat Hanh, akiwa uhamishoni, alikianza mwaka 1974 kama barua kwa mwenzake aliyekuwa akihudumia watu Vietnam Kusini, vita vikiendelea. Shauri lake? Fuata pumzi yako. Ukiosha vyombo, osha vyombo, akili isitangulie kwenye chai. Jamani, mtu yuko vitani anaambiwa habari za vyombo! Nilicheka, kisha nikaelewa: anayehudumia wengine asipotulia, ataanguka kabla yao. Kasoro naiona: hofu yenyewe haionekani vya kutosha, utulivu unakuja kirahisi mno. Hata hivyo, mwandishi mwenzangu, ukiwa ukurasa wa pili, usianze kuota jalada.