Masai Ujiri na Ufundi wa Kujenga Timu Bingwa

Usiku wa tarehe 13 Juni 2019, katika mji wa Oakland nchini Marekani, timu ya Toronto Raptors iliishinda Golden State Warriors kwa pointi 114 kwa 110, ikatwaa ubingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kombe lile likaenda Kanada ambako halikuwa limepata kufika. Ndani ya ushindi huo mlikuwa na jambo ambalo wajuzi wa mpira wa kikapu hawakuwa wamewahi kulishuhudia, nalo ni kwamba katika kikosi kizima cha mabingwa hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyechaguliwa katika nafasi 14 za kwanza za drafti (yaani uchaguzi wa kila mwaka ambamo timu huchukua wachezaji wapya kwa zamu), zile zinazopigiwa kura baina ya timu zilizokosa kufika hatua ya mtoano, na ambazo aghalabu huaminiwa kuwa ndiyo njia ya pekee ya kupata vipaji vikubwa. Sisi Watanzania tunazijua nafasi hizo, kwa kuwa ndugu yetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Na yaliyofuata yalitufundisha kwamba nafasi ya juu ni mwanzo wa kazi, wala si dhamana ya matunda yake. Basi inafaa tuulize: timu ya watu waliochaguliwa nyuma, au wasiochaguliwa kabisa, ilijengwaje hata ikawapita wote?

Aliyeijenga ni Masai Ujiri, mtoto wa mama Mkenya na baba Mnigeria, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1970 na kukulia Zaria, kaskazini ya Nigeria, akiwa na jina ambalo msomaji wa Arusha hahitaji kuelezwa asili yake. Alikuwa mchezaji, lakini hakuwa mchezaji mashuhuri. Alisoma na kucheza katika vyuo vidogo vya majimbo ya North Dakota na Montana, kisha akalipwa kucheza katika ligi ndogo za Ulaya mpaka mwaka 2002, wala hakupata hata siku moja kuvaa jezi ya NBA. Alipoacha kucheza alianza kazi ya skauti, yaani kutafuta na kupima vipaji, kwa timu ya Orlando Magic pasipo mshahara. Mwaka 2003 Denver Nuggets ikamwajiri kuwa skauti wake wa nchi za nje, na mwaka huohuo akaasisi Giants of Africa, taasisi ya kuwafundisha vijana wa bara hili mchezo na maadili. Mwaka 2007 alihamia Toronto kuongoza skauti wa dunia nzima, na mwaka 2010 akarejea Denver akiwa Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa uendeshaji wa timu ya NBA.

Miaka ile ya uskauti ndiyo iliyokuwa chuo chake. Mtu aliyekaa Arusha akawatazama madalali wa tanzanaiti anajua kwamba jiwe linapotoka Mererani mara nyingi lina rangi ya kahawia isiyovutia, na kwamba ni moto ndio unaolitoa buluu yake. Basi dalali mahiri hununua kile anachojua kuwa kitaonekana baada ya kuchomwa, ilhali mnunuzi mgeni hununua kinachoonekana sasa na kulipa bei ya juu. Ujiri alijifunza kupima kwa kipimo hicho cha dalali, na katika miamala yake yote utaona kwamba akitoa kitu kilichokwisha kuonekana, sharti apokee pamoja na thamani ya leo kipande kidogo ambacho thamani yake itadhihirika miaka ijayo.

Muamala wake mkubwa wa kwanza ulikuwa wa Carmelo Anthony. Nyota huyo, ambaye mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, alitaka kwenda New York, na kila mtu alilijua hilo, jambo ambalo kwa desturi ya biashara humvunja nguvu muuzaji. Ujiri hakukurupuka. Aliendeleza mazungumzo na New Jersey Nets kwa miezi kadhaa, ili Knicks wa New York wasijione kuwa wanunuzi wa pekee, na mwezi Februari 2011 akapata kutoka kwao Danilo Gallinari, Wilson Chandler, Raymond Felton na Timofey Mozgov, pamoja na nafasi za drafti. Watu walitazama majina ya wachezaji; wachache walitazama sharti moja dogo lililoandikwa chini, kwamba mwaka 2016 Denver ingekuwa na haki ya kubadilishana nafasi ya drafti na Knicks, ikiwa nafasi ya Knicks ingekuwa bora kuliko yake. Timu ile isiyokuwa na nyota ilishinda michezo 57 katika msimu wa 2012–13, hesabu ambayo Nuggets haikuwa imepata kuifikia katika NBA, na Ujiri akatunukiwa cheo cha Kiongozi Bora wa Mwaka.

Majira hayohayo ya mwaka 2013 Toronto ilimwita tena, safari hii akiwa mwenye kauli ya mwisho. Alimkuta Andrea Bargnani, Mwitalia aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya mwaka 2006, ambaye mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko faida yake na ambaye mashabiki walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Ujiri aliwapelekea Knicks, walewale, akapokea wachezaji kadhaa, na pamoja nao nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti ya mwaka 2016.

Hapo ndipo miamala miwili, iliyofanywa na mtu mmoja akiwa katika ofisi mbili tofauti, ilipokutana. Mwaka 2016 Knicks walimaliza msimu kwa ushindi wa michezo 32 na Denver kwa 33. Nafasi ya Knicks ikawa ya saba na ya Denver ikawa ya tisa. Denver ilitumia haki yake ya mwaka 2011, ikachukua nafasi ya saba na kumchagua Jamal Murray, kijana wa Kanada aliyekuja kuwa nguzo ya ubingwa wa Denver mwaka 2023. Nafasi ya tisa ikaangukia Toronto kwa mujibu wa muamala wa Bargnani, na Toronto ikamchagua Jakob Pöltl wa Austria. Pöltl huyo, miaka miwili baadaye, alikuwa sehemu ya malipo yaliyomleta Kawhi Leonard. Kwa hiyo drafti moja ya Knicks ilichangia kombe la timu mbili, na saini iliyoanzisha yote mawili ni ya mtu mmoja.

Silsila ya pili ni ya namna hiyohiyo. Desemba 2013 Ujiri alimtoa Rudy Gay kwenda Sacramento, akapokea wachezaji wanne wa kiasi, mmojawapo Greivis Vásquez wa Venezuela. Wengi walidhani kwamba timu imeanza kuvunjwa. Kumbe mpira ulianza kuzunguka vizuri, na Toronto ikashinda michezo 48 msimu ule. Mwaka 2015 Vásquez naye alipelekwa Milwaukee, na badala yake zikaja haki za Norman Powell, aliyekuwa wa 46 katika drafti, na nafasi ya raundi ya kwanza ambayo mwaka 2017 ilimleta OG Anunoby akiwa wa 23. Nje ya silsila hizo walikuja wengine kwa macho ya maskauti peke yao: Pascal Siakam wa Kamerun, aliyeonekana katika kambi ya vijana mjini Johannesburg mwaka 2012 na kuchaguliwa wa 27 mwaka 2016, na Fred VanVleet, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote.

Insafu inatutaka tukiri kwamba bahati nayo ilikuwa na fungu lake. Mwezi uleule wa Desemba 2013 Ujiri alikuwa tayari kumtoa Kyle Lowry kwenda New York, na kwa habari zilizoandikwa wakati ule ni Knicks ndio waliorudi nyuma, kwa hofu ya kuonekana wamezidiwa tena na mtu yuleyule. Lowry akabaki, akawa moyo wa timu, na katika mchezo ule wa Oakland alifunga pointi 26. Lakini bahati humfaa aliyekwisha kujiandaa. Kwani baada ya kuona timu inapata ushindi na Lowry yumo, Ujiri hakung'ang'ania shauri lake la awali la kuijenga timu upya tangu msingi, bali alibadili njia kufuatana na ushahidi.

Mwaka 2018 ukawadia mtihani wenyewe. Timu ilikuwa imeshinda michezo 59, kisha ikafungwa minne kwa sifuri na Cleveland ya LeBron James. Ujiri alimwondoa kocha Dwane Casey, ambaye muda mfupi baadaye alitangazwa kuwa Kocha Bora wa Mwaka, akampa kazi msaidizi wake, Nick Nurse. Mwezi Julai akamtoa DeMar DeRozan, aliyeletwa na drafti ileile ya Thabeet na aliyeipenda Toronto kwa dhati, pamoja na Pöltl na nafasi moja ya drafti iliyowekewa kinga, akawapokea Leonard na Danny Green kutoka San Antonio. Leonard alikuwa amecheza michezo tisa tu msimu uliopita kwa sababu ya maumivu ya paja, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru kwenda atakako. Hatari ilikuwa wazi. Ila tazama hesabu yake: bei ya Leonard ilikuwa imeshuka kwa sababu ya hatari hiyohiyo, na Toronto, kwa kuwa ilikuwa imeweka akiba ya vijana kina Siakam, VanVleet na Anunoby, ingeweza kumkosa baadaye bila ya kuporomoka. Februari 2019 akamwongeza Marc Gasol kutoka Memphis, na miezi minne baadaye kombe likapatikana.

Leonard aliondoka mwezi uliofuata, na timu haikupokea chochote. Mwaka 2023 VanVleet naye aliondoka bure, kisha Anunoby mwishoni mwa mwaka huo na Siakam mwanzoni mwa mwaka 2024 wakabadilishwa baada ya timu kusitasita kwa muda mrefu kati ya kushindania kombe na kujenga upya. Hapo ndipo taksiri ya Ujiri ilipo: yeye aliyejua sana kuuza mapema mali ya timu aliyoikuta, alichelewa kuuza mali aliyoitafuta kwa mikono yake. Juni 2025 Toronto na yeye wakaachana. Pamoja na hayo, hukumu ya haki ni kwamba hapana kiongozi wa zama zake aliyepata kingi zaidi kwa mtaji mdogo zaidi, na msingi wake ni mambo matatu: kuwajua watu kwa kwenda kuwaona, kusubiri mpaka upande wa pili uhitaji kuuza au kununua, na kudai katika kila muamala sehemu ya mali ya kesho.

Husemwa hapa kwetu kwamba miteremko ya Meru na tambarare za Monduli na Longido zina vijana warefu wa kutosha, na kwamba tunachokosa ni uwanja na kocha tu. Usemi huo una ukweli, lakini haukutimia. Thabeet alikuwa na urefu wa mita 2.21 na alifika mahali ambapo Mtanzania hakuwa amefika; baada yake hatukuwa na ofisi ya kumtafuta wa pili, wala daftari la kuonyesha ni nani aliyecheza vizuri katika shule gani, mwaka gani, akiwa na umri gani. Jirani zetu wa Rwanda wamelielewa jambo hili: Kigali ndiko ulikofanyika msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika mwaka 2021, na ndiko Ujiri alikofungua Zaria Court mwaka 2025, kituo cha michezo kilicho jirani na BK Arena. Arusha, yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na iliyozoea kupokea mikutano ya mataifa, haina sababu ya kuwa nyuma katika mpango wa mambo kama haya.

Nawaomba basi viongozi wa mchezo huu katika mkoa wetu, na wakuu wa shule kutoka Ngarenaro hadi Usa River, waanze kwa lile lisilohitaji fedha nyingi. Kila mchezo wa vijana uandikwe, kwa jina, umri na pointi. Na wachezaji wetu wanaostaafu, hasa wale ambao hawakupata kuwa nyota, wapewe kazi ya kutazama na kuandika, kisha walipwe kwayo. Ujiri alikuwa mchezaji wa daraja la kawaida aliyepewa nafasi ya kutazama, na watu wa daraja hilo tunao tele.