Kidonda, Kivuli na Kitenzi Kilichoanguka

Tafsiri iliyofika mezani petu yahusu picha za saratani ya ute, aina adimu ya saratani ya matiti ambayo aghalabu huwapata wanawake waliokwisha koma hedhi. Kiswahili cha mfasiri ni fasaha, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni juu ya mambo matatu.

La kwanza ni neno "kidonda". Mfasiri amelitumia kila penye neno la Kiingereza litajalo sehemu yoyote ya mwili iliyobadilishwa na ugonjwa. Lakini kwa Mswahili kidonda ni jeraha lililo wazi. Mama mwenye uvimbe uliojificha ndani ya titi, ngozi ikiwa nzima, atajitazama asikione, aamue kuwa maneno hayo hayamhusu. "Kasoro" lingetosha.

La pili ni "kivuli". Katika ultrasaundi mawimbi ya sauti hupenya ute kwa wepesi, kwa kuwa una maji mengi. Hivyo mara nyingi nyuma ya uvimbe huu picha huwa nyeupe zaidi. Weupe huo mfasiri ameuita "kivuli cha nyuma". Kivuli ni giza! Tena wataalamu wanalihitaji neno hilo hilo kwa hali iliyo kinyume, pale uvimbe uzuiapo mawimbi na nyuma yake kukawa kweusi, kama ilivyo kwa saratani nyingi nyinginezo za titi. Napendekeza "mng'ao wa nyuma". Watakuwapo watakaosema kuwa mng'ao ni wa dhahabu, na waseme.

La tatu ndilo zito. Katika eksirei uvimbe huu huweza kuonekana wa mviringo, kingo zake zikiwa wazi na laini. Matini ya asili yasema kwamba hapo "hufanana na" uvimbe usio wa saratani. Tafsiri yasema kwamba hapo "ni" uvimbe usio wa saratani. Kitenzi kimoja kimeanguka, na onyo lote la sura ile limeanguka nacho. Hili si suala la istilahi tena. Mganga wa zahanati asomaye hivyo atamrudisha mgonjwa nyumbani, badala ya kumpeleka hospitali achukuliwe kipande cha uvimbe kikapimwe.

Mswada nimeurudisha, sura hiyo ikiwa na wino mwekundu tele. Jina "saratani ya ute" sikuligusa. Wapo waliotaka "kamasi", naye akakataa, amefanya vema.